Anaongea vizuri lakini si yeye: namna ya kumfatilia mtu alieumia kichwa na kumpeleka kupimwa

Kakangu alianguka na boda mwaka juzi, njia ya kutoka Gede kuja Malindi, helmeti hakuvaa, na alipotoka sipitali baada ya siku 9 mtaa mzima ulitupa pongezi, alhamdulillah, mzima huyu, mbona anaongea vizuri tu. Na kweli alikua anaongea. Ukimsalimia anajibu, jina lako anakwita, hadithi za zamani anakupigia mpaka jua linatua. Ilichukua miezi 7 ndio tukapata mtu wa kutueleza kwamba kuongea ni kitu kimoja na kuwasiliana ni kitu kingine, na mda wote huo sisi nyumbani tulikua tunagombana na mgonjwa tukidhani ni jeuri. Mimi si daktari, mimi ni dadake, nimekaa sana kwenye mabenchi ya kungojea na nimeuliza maswali mengi sana, na haya ndio ningetaka mtu aniambie ile wiki ya kwanza.

Kama ajali yenyewe ni ya jana au juzi, anza na hapa. Anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma badala ya kupoa, analala na kumwamsha ni kazi, mboni ya jicho moja imekua kubwa kuliko ya pili, degedege, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, maneno hayaeleweki, maji maji yanatoka puani au masikioni. Hata moja tu kati ya hayo, sipitali saa hio hio, na kama uko visiwani huko tafuta boti usingoje kukuche. Wazee ndio wa kuangaliwa zaidi, na wale wanaomeza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, manake damu inaweza kuvuja pole pole ndani ya fuvu na dalili zikaja wiki kadhaa baadae. Nyanya alieteleza chooni mwezi uliopita na leo amechanganyikiwa, tafadhali usiseme ni uzee tu.

CT safi, mtu hayuko sawa

Hili ndilo lilotupoteza sisi. Tulionyeshwa CT, ile picha ya ndani ya kichwa inayopigwa na mashine, tukaambiwa iko klia, tukarudi nyumbani tumefurahi.

Sasa chukua dafu. Kifuu ndio fuvu, ndani kuna maji, na kuna ile nyama laini unayokwangua na kijiko, huo ndio ubongo. Kichwa kikigonga lami ubongo unaenda mbele unapiga mfupa, unarudi nyuma unapiga tena, na katika kule kujipinda zile nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu na sehemu zinavutika, nyingine zinakatika. CT ni nzuri sana kwa damu, kwa uvimbe, kwa mfupa uliovunjika. Nyuzi hizo mara nyingi haizioni. Na sehemu zinazoumia zaidi ni ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso, na za ubavuni karibu na masikio, kwa sababu mfupa wa ndani pale una kingo. Sehemu ya mbele ndio inayompa mtu kupanga, kuanza jambo na kuliwacha, kujizuia, kusoma watu waliokaa mbele yake. Sauti na matamshi yanaweza kubaki mazima kabisa na hayo yote yakawa yameguswa.

Kwenye karatasi za sipitali tafuta herufi GCS na namba mbele yake. Ni kipimo cha kuona mtu ana fahamu kiasi gani, kilichotengenezwa Glasgow mwaka 1974 na madaktari wawili, Teasdale na Jennett, wanaangalia macho (pointi 4), maneno (5) na mwili kuitikia (6), jumla 15, na ya chini kabisa ni 3. Kuanzia 13 huitwa jeraha dogo, 9 mpaka 12 la kati, 8 kushuka chini ni kubwa. Kakangu aliandikiwa 11. Namba ya pili muhimu hamtaipata kwenye karatasi, mtaitafuta wenyewe: kumbukumbu zake zinashikana kuanzia lini? Si siku alofungua macho, ni siku ambayo kuanzia hapo anaweza kukusimulia mambo yakifatana. Kakangu anakumbuka kuanzia siku ya 5, shangazi yetu amemletea uji wa mtama na akamwagia shuka. Kabla ya hapo alikua anatujibu, hata anacheka, lakini hamna kilichobaki. Kama kipindi hicho, toka ajali mpaka siku hio, ni chini ya siku moja ni jambo jepesi zaidi, siku 1 mpaka 7 ni la kati, ukipita wiki ni zito. Iandike namba hio, utaulizwa.

Mambo yenyewe yanavyokuja

Nilimtuma mahamri 10, mbaazi na paketi moja ya maziwa, duka liko hatua chache. Akarudi na paketi 4 za maziwa. Nikamuuliza mahamri yako wapi, akaniambia hukunambia mahamri, na namjua kakangu, uso ule haukua na uongo. Nilimfokea. Mpaka leo naona uchungu nilivyomfokea.

Alafu kukawa na msiba kwa jirani. Ami alikua naye kule kwa wanaume, mikeka imetandikwa, kahawa inapita, watu kimya, na kakangu akamgeukia mtoto wa marehemu akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, babako nilikua namdai kilo 4 za nguru. Hakua anadai. Neno lilikuja kichwani likatoka, kile kizuizi cha katikati kinachosema ngoja kwanza, si hapa, hakikushika. Ami alimshika mkono wakatoka nje. Mamangu hakulala usiku ule, analia kwamba mwanawe watu watasema hakufunzwa adabu.

Mengine ni madogo madogo na ndio maana yanapita. Unamuuliza samaki leo vipi, anaanza na samaki anafika kwa mwalimu wake wa darasa la 4 na swali lako halijajibiwa. Unamuuliza kitu anakaa kimya, wewe unajibu kwa niaba yake, kumbe jibu lilikua njiani bado halijafika. Jina la kitu linampotea, kakangu siku nzima alikua anatafuta mbuzi ya kukunia nazi anasema ile ya kukalia, ile, ile ya nazi. Mkiwa wawili mnaongea vizuri, wakija watu 5 barazani na redio inalia anapotea kabisa anaingia ndani kulala na watu wanasema siku hizi anajisikia. Asubuhi ni mtu, baada ya adhuhuri ni mwingine. Mizaha haiingii, mafumbo hayaingii. Sisi watu wa pwani tunaongea kwa mafumbo tangu tunaamka, mpaka leso zetu zinasema, na mtu ambae ameacha kushika la ndani anabaki nje ya mazungumzo ya nyumba yake mwenyewe.

Na la kuumiza zaidi, yeye mwenyewe haoni. Ukimwambia umebadilika anakwambia nyinyi ndio mmebadilika. Si ubishi, ile sehemu inayomwezesha mtu kujiona ndio hio hio ilioumia.

Hii si sawa na afazia, ambayo wengi wetu tumeiona kwa wazee waliopigwa na stroki, pale lugha yenyewe inavunjika, sentensi hazifungi au maneno yanatoka lakini hayana maana. Alieumia kichwa anaweza kuwa na afazia pia, lakini mara nyingi sentensi zake ni nzuri, kilichoharibika ni kumbukumbu, umakini, kasi na kujizuia, na hayo ndio yanaharibu mazungumzo. Ndio maana daktari anaekaa naye dakika 5 anaona mzima.

Kuhusu wanaosema ni jini: kisomo kisomwe, sisi pia tulimsomea, Qurani haimzuii mtu kwenda sipitali. Lakini kumfungia mtu chumbani na moshi wakati ubongo wake unataka usingizi na utulivu, hapo nasema hapana, na nilisema hapana mbele ya wakubwa zangu.

Daftari

Hii ndio kazi kubwa na ni ya nyumbani, hakuna mtaalamu anaeweza kukufanyia. Nunua daftari la skuli. Kila tukio andika siku, saa, nani walikuepo, kulikua na kelele au la, alilala vipi usiku, na kilichotokea, kwa maneno yenyewe. Usiandike "leo alikua mkorofi", hio haimsaidii mtu. Andika hivi: "Jumanne, saa 9 mchana, watoto wanacheza ndani. Wifi alimuuliza umelipa tokeni ya stima. Akakaa kama unaweza kuhesabu mpaka 8. Akajibu mambo ya boti. Akaulizwa tena, akapiga meza." Ukurasa mmoja wa namna hio una faida kuliko kueleza nusu saa.

Andika pia alivyokua kabla, na uwe mkweli. Kama alikua mtu wa makelele tangu utotoni basi makelele si dalili. Kakangu alikua anafanya hesabu ya samaki kichwani, kilo 7 na nusu mara bei ya siku hio, anakupa jibu kabla hujatoa simu. Sasa anaandika kwenye mkono na bado anakosea. Hapo kuna tofauti ya kuonyesha. Andika alisoma mpaka darasa gani, lugha gani anaongea nyumbani na gani kazini, anatumia mkono gani, kazi yake ilikua inataka nini.

Usiandike peke yako. Mke wake anaona mambo ya usiku, wenzake wa kazi wanaona ya kazi. Pia rekodi kwa simu dakika 5 mkiwa mnakunywa chai, mazungumzo ya kawaida, na umwombe ruhusa kwanza. Yeye ni mtu mzima.

Ukitaka kujaribu vitu vidogo nyumbani jaribu, ila mara moja tu kila kimoja na usimgeuze mwanafunzi. Mwambie ataje samaki wote anaowajua kwa dakika moja: angalia kama anarudia wale wale, kama ananyamaza mapema, kama anaingia kwenye hadithi. Msomee tarakimu kama unavyompa mtu namba ya simu, 4, alafu 5, alafu 6, azirudishe, watu wazima wengi wanafika kama 7. Msimulie kisa kifupi cha sentensi 5 au 6, muendelee na mengine, baada ya dakika 20 muulize. Mwambie akueleze namna ya kupika pilau au kuparua samaki na kumkata, usikilize kama hatua zinafatana au anaruka. Na methali. Ami yangu alikua baharia, akampa kakangu ile ya mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, methali alioisikia maisha yake yote, amuambie maana yake. Akajibu: ngamani ndio panapotolewa maji. Ni kweli kabisa. Ndipo panapotolewa maji. Lakini la ndani, kwamba hata uende wapi mwisho utarudi ulipotoka, hakulishika. Ami alinyamaza, akamimina kahawa.

Siku ya kupimwa

Unaemtafuta ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, watu wengi wanamwita spichi therapisti, na saikolojisti wa mambo ya ubongo kama yupo. Ni wachache na wengi wako miji mikubwa, kwa hivo kutoka Malindi au Amu (Lamu) mara nyingi utaanza na sipitali ya hapa upate barua ya rufaa uende Mombasa. Wanaofanya okupeshenali therapi, wale wanaomrudisha mgonjwa kwenye kazi za kila siku, pia wanapima, wanaangalia vile mtu anapika, anavaa, anashika pesa, msiwadharau.

Usimtoe Malindi alfajiri na matatu ukamuingiza kwa mtaalamu saa 4. Hio ni safari ya kilomita kama 120, na kwa ubongo ulioumia ni kazi ya siku nzima. Nendeni siku moja kabla mlale kwa ndugu. Sisi mara ya kwanza tulienda na kurudi siku hio hio, akapimwa akiwa anasinzia, na matokeo yale hayakua yake, yalikua ya uchovu. Beba dawa zake zote, nyingine hasa za degedege zinaleta usingizi. Omba masikio na macho yaangaliwe kwanza, kichwa kikigongwa sikio linaweza kuharibika, na mtu asiesikia swali ataonekana hajaelewa.

Sasa lugha, na hapa naomba unisikilize sana. Omba apimwe kwa lugha anayoiota, si ile ya mtihani. Vipimo vingi vilitengenezwa mbali. Kuna kimoja maarufu cha kutaja majina ya picha, kilichapishwa Marekani mwaka 1983, picha 60, ndani yake kuna nyumba ya barafu, kuna mnyama wa mito ya baridi anaejenga mabwawa kwa miti, kuna mboga ambayo hapa sokoni hutaiona. Mvuvi akishindwa na hizo si ubongo.

Au saa. MoCA ni kipimo kifupi cha kumbukumbu na akili, cha pointi 30, kilitoka Montreal mwaka 2005, na ndani yake unaambiwa uchore saa inayoonyesha kumi na moja na dakika kumi kwa hesabu ya kizungu. Sasa mpimaji akigeuza namba tu, akamwambia mtu wa pwani chora saa kumi na moja na dakika kumi, huyu atachora saa ya alasiri, mshale mfupi kwenye 5, na amepatia! Kilichotakiwa ni saa tano na dakika kumi. Tarehe vile vile: mzee wa Amu akiulizwa ni mwezi gani anaweza kukwambia Mfunguo Pili, na ukimuuliza siku baada ya magharibi anaweza kukutajia ya kesho, manake kwake usiku umeshaingia siku nyingine. Akisema moya badala ya moja, ndia badala ya njia, mato badala ya macho, hio ni Kiamu, si ulimi ulioharibika. Kaa karibu, na mambo kama haya mwambie mpimaji kwa adabu papo hapo ayaandike. Ila majibu usimsaidie kakako hata akikuangalia kwa huruma.

MoCA ukipata chini ya 26 wanataka kuchunguza zaidi, na aliesoma miaka 12 au chini anaongezewa pointi 1. Lakini 28 haimaanishi mzima. Chumba ni kimya, swali ni moja moja, mtu ni mmoja, hakuna msiba wala boda wala watoto. Kakangu alipata 27. Ndipo nikatoa daftari. Yule mtaalamu alisoma kurasa 6 bila kusema kitu, alafu akatoa fomu ambayo ilitoka Australia, ya chuo cha La Trobe, ya mwaka 2000, maswali 30 kuhusu mazungumzo ya kila siku, mnapewa mbili, moja anajaza mgonjwa kuhusu yeye mwenyewe na moja anajaza mtu wa karibu, maswali yale yale. Kakangu alijiwekea karibu kila mahali "mara chache sana". Wifi akaweka "mara nyingi". Karatasi mbili zimelazwa mezani zinaangaliana, na pengo kati yake ndio lilikua jibu.

Mkirudi nyumbani

Msimngoje mtaalamu kubadilisha namna ya kuongea naye. Zima redio. Mtu mmoja aongee kwa wakati. Jambo moja kwa sentensi moja, alafu unyamaze, unyamaze kweli, hesabu mpaka 10 moyoni kabla hujarudia. Usimuulize "kwa nini ulifanya hivyo", muulize "ilianzaje". Akipotea kwenye hadithi mrudishe pole pole, "tulikua kwenye samaki". Mahamri na mbaazi andika kwenye karatasi, au mtumie meseji, hamna aibu hapo. Mambo mazito yote asubuhi. Kabla ya kwenda msibani au harusini mkae mpange, nani atakua karibu naye, ishara gani mtampa, mkono begani kwetu ina maana ya nyamaza.

Pesa mziangalie mapema. Ile meseji ya nimekutumia kimakosa tafadhali nirudishie, mtu ambae hasomi la ndani anairudisha bila kufikiria, kakangu aliirudisha mara 2. Tulikubaliana naye mwenyewe kwamba hatumi kitu M-Pesa kabla hajampigia wifi. Tulikubaliana, hatukumnyang'anya simu.

Miezi ya mwanzo ndio anapiga hatua za haraka, karibu nusu mwaka, lakini baada ya hapo haisimami, watu wanaendelea kupata nafuu hata miaka. Kwa hivo omba tarehe ya kupimwa tena na daftari liendelee, sio kila siku, tukio likitokea. Omba ripoti kwa maandishi, si maneno ya mdomo, manake utaihitaji kwa mwajiri, kwa bima ya ajali, na kama mtamsajili na baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu wanataka awe amepimwa na daktari. Piga picha kila karatasi uhifadhi kwenye simu mbili, zetu za kwanza ziliingia maji wakati wa mvua ya masika na ilibidi tuanze kuzitafuta upya.